Vifupisho na Istilahi za Ufundi wa Ndege: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo ambayo wanafunzi wa ufundi wa ndege, watunza stoo na makarani wa kumbukumbu huyarudia kila wanapoanza kazi hangani. Mifano mingi ni ya ndege zinazoonekana kila siku Afrika Mashariki: Cessna 208 Caravan, ATR na Dash 8. Jibu lolote hapa likipingana na kitabu cha ndege unayoifanyia kazi, fuata kitabu, tena toleo lake la sasa.

## Misingi

Kwa nini vifupisho vyote ni vya Kiingereza? Naweza kuandika logi kwa Kiswahili?

Vitabu vya watengenezaji huja kwa Kiingereza, na ndege huhama. Caravan inayofanya kazi Arusha leo inaweza kuuzwa Afrika Kusini mwakani, na fundi wa huko atataka kusoma kila kilichofanyika tangu ndege ilipotoka kiwandani. Hangani watu wanazungumza Kiswahili na hakuna tatizo ("hiyo NLG umeshaipiga grisi?", yaani gurudumu la pua na mguu wake), ila kumbukumbu zinaandikwa kwa Kiingereza.

Usibuni kifupisho chako mwenyewe kwenye logi. Kinachoeleweka kwa watu wa zamu yako hakitaeleweka kwa mkaguzi atakayefungua daftari baada ya miaka mitano.

AMM, IPC, CMM, SRM na WDM vinatofautianaje?

AMM, yaani *Aircraft Maintenance Manual*, ni kitabu cha kazi zinazofanyika kwenye ndege yenyewe: kufungua, kufunga, kupima, kulainisha. CMM kinahusu kifaa kikiwa kimeshatolewa na kiko mezani karakanani. SRM ni cha bodi, yaani muundo wa ndege: mbonyeo wa kina gani unakubalika, ufa unazibwaje, kiraka kiwe na riveti ngapi. WDM ni michoro ya nyaya. Cha kutafuta chanzo cha hitilafu Boeing hukiita FIM na Airbus TSM.

IPC ni orodha ya vipuri yenye michoro, na ndicho kinachotumiwa vibaya kuliko vyote. Mchoro wake unaonyesha vipande vikiwa vimetawanywa ili uvitambue. Haukuambii torki (nguvu ya kukaza), wala hauthibitishi mpangilio wa washa (*washers*). Kufunga kifaa kwa kutazama IPC peke yake ni kosa la kawaida kwa wanafunzi na, kwa bahati mbaya, kwa wakongwe pia. IPC ikupe nambari ya kipuri, AMM ikupe namna ya kukifunga.

Nambari kama 32-45-01 zinasomwaje?

Huo ni mpangilio wa ATA, uliotolewa na chama cha mashirika ya ndege ya Marekani mwaka 1956, na hadi leo watengenezaji karibu wote wanaufuata. Tarakimu mbili za kwanza ni sura: 21 kiyoyozi na mgandamizo wa hewa, 24 umeme, 27 vidhibiti vya kuruka, 28 mafuta, 29 haidroliki, 32 magurudumu na mfumo wake, 34 urambazaji, 52 milango, 61 propela, 72 injini, 79 oili. Mbili zinazofuata ni sehemu ya mfumo huo, na mbili za mwisho ni kifaa.

Katika vitabu vyenye mtindo wa zamani, nambari ya ukurasa nayo ina maana. Kurasa 1–99 ni maelezo, 101–199 kutafuta hitilafu, 201–299 taratibu za kazi, 301–399 kujaza na kulainisha, 401–499 kutoa na kufunga, 501–599 kurekebisha na kupima, 601–699 ukaguzi. Ukizizoea, utafika kwenye kazi yako bila kupitia faharasa.

WARNING, CAUTION na NOTE si kitu kimoja?

Hapana. WARNING inalinda mtu: usipoifuata unaweza kuumia au kufa. CAUTION inalinda ndege au kifaa. NOTE ni maelezo ya kurahisisha kazi. WARNING na CAUTION huandikwa kabla ya hatua inayohusika, kwa hiyo anayeruka moja kwa moja kwenye hatua hazioni.

LH na RH hupimwa kutoka wapi?

LH ni kushoto na RH ni kulia, kutoka kwenye kiti cha rubani ukitazama mbele. Fundi aliyesimama mbele ya pua akiitazama ndege ana LH upande wa mkono wake wa kulia. Injini huhesabiwa kuanzia kushoto: nambari 1 ni ya kushoto kabisa. FWD ni kuelekea puani, AFT mkiani, INBD kuelekea katikati ya ndege, OUTBD kuelekea ncha ya bawa. Mahali kamili hutajwa kwa inchi au milimita: STA au FS ni umbali kwa urefu wa ndege, BL ni umbali kutoka mstari wa katikati, WL ni kimo.

Angalia injini ya PT6 ya kwenye Caravan. Hewa huingia nyuma ya injini na moshi hutokea mbele, kinyume na injini nyingi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kompresa iko upande wa nyuma, na asiyejua hilo hukagua bapa zisizo zenyewe.

## Saa, mizunguko na umri

TSN, CSN, TSO, CSO na TBO zinahusianaje?

T ni saa na C ni mizunguko. SN ni tangu kuwa kipya, SO ni tangu ovahoo ya mwisho, yaani kifaa kilipofunguliwa chote, kukaguliwa na kukarabatiwa. TBO ni saa zinazoruhusiwa kati ya ovahoo moja na nyingine. Tuseme propela ina TSN 5,140, TSO 1,220, na TBO yake ni 4,000. Zimebaki saa 2,780. TSN haina kazi kwenye hesabu hiyo, ila lazima iendelee kuandikwa.

Baada ya ovahoo, TSO hurudi sifuri na TSN hairudi. Ukiona kadi ya kipuri kilichotumika yenye TSN sifuri, uliza. Chini ya kanuni za Marekani, mtengenezaji mwenyewe akiijenga upya injini anaruhusiwa kuipa kumbukumbu mpya za kuanzia sifuri. Karakana ya kawaida haina ruhusa hiyo.

FH na FC zinahesabiwaje, na kwa nini zote mbili?

FH ni saa za angani, tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena. Usizichanganye na saa za bloku, zinazoanza ndege inapoondoka maegeshoni na kuishia inaporudi kusimama. Ukiingiza saa za bloku kwenye hesabu ya matengenezo, utatupa vipuri vyenye maisha yaliyobaki. FC ni mzunguko mmoja wa kupaa na kutua.

Caravan inayopiga Dar es Salaam–Unguja hukaa angani dakika 20 hivi kila safari. Kwa saa 1,800 za kuruka inaweza kutua zaidi ya mara 5,000. Saa zake zinaonekana chache, lakini tairi, breki na mfumo wa magurudumu vimechoka. Ndiyo maana baadhi ya vifaa hufuatwa kwa saa, vingine kwa mizunguko, na vingine kwa kalenda hata ndege ikiwa imeegeshwa tu.

Rubani akitua na kuondoka bila kuzima injini, mzunguko wa bodi umekamilika ila wa injini huenda haujakamilika. Mtengenezaji wa injini hutoa fomula ya kuhesabu mizunguko ya aina hiyo. Tumia yake, usikisie nusu.

LLP, HT, OC na CM?

LLP ni kipuri chenye kikomo cha maisha, kama diski ya turbaini. Kikifika mizunguko iliyowekwa, kinatupwa na kuharibiwa kisirudi sokoni, hata kama kinang'aa. Kukosekana kwa historia kamili ya LLP tangu kiwandani kunaweza kuifanya injini nzima isiuzike.

HT ni kifaa kinachotolewa muda wake ukifika, kiwe kizima au kibovu. OC hubaki kwenye ndege ilimradi kinafaulu vipimo vya mara kwa mara. Wengi hudhani OC maana yake ni "kiache mpaka kife". Hicho kinakaribia CM, ambapo kifaa hutumika hadi kishindwe huku takwimu za kushindwa kwake zikifuatiliwa.

HSI ni ovahoo ndogo?

Si ovahoo. Ni ukaguzi wa sehemu ya moto ya injini: chumba cha mwako, bapa za kuelekeza moto na bapa za turbaini ya kompresa. Kwa PT6A-114A ya Caravan, ratiba ya kawaida ya mtengenezaji ni HSI kwenye saa 1,800 na ovahoo kwenye 3,600. Kazi hufanyika kwa kutenganisha injini kwenye flanji C, kiungio cha sehemu zake mbili. TSO hairudi sifuri baada ya HSI. Saa za HSI hufuatwa kwenye mstari wake peke yake.

A check na C check ni nini hasa?

Ni mafungu ya kazi. A ni jepesi na la mara kwa mara, C ni zito na huiweka ndege hangani kwa siku au wiki, D ni la kufungua ndege karibu yote. Muda wake hutofautiana kwa aina ya ndege na kwa programu ya mwendeshaji, hivyo "C check ni kila miezi mingapi?" halina jibu moja. Programu nyingi za sasa zimevunja mafungu hayo na kupanga kila kazi kwa saa, mizunguko au kalenda yake.

## Hitilafu

MMEL, MEL na CDL zinatofautianaje?

MMEL hutolewa kwa aina ya ndege na huidhinishwa na mamlaka ya nchi iliyoisanifu. MEL ni ya mwendeshaji, imetoholewa kutoka MMEL na kuidhinishwa na mamlaka yake. Inaweza kuwa kali kuliko MMEL lakini haiwezi kuwa legevu zaidi. Zote zinahusu vifaa vilivyokufa ambavyo ndege inaweza kuruka navyo kwa masharti. CDL inahusu vipande vya nje vilivyokosekana, kama kifuniko kidogo kilichong'oka.

Alama (M) maana yake kuna kazi ya fundi kabla ya kuruhusu ndege. (O) ni utaratibu wa rubani. Kuandika "deferred" bila kufanya (M) ni sawa na kutoahirisha kabisa.

Siku za MEL zinaanza kuhesabiwa lini?

MEL hupanga vifaa kwa makundi ya muda wa kuvitengeneza: kundi B ni siku 3, C ni siku 10, D ni siku 120. Kundi A hufuata muda ulioandikwa kwenye maelezo ya kifaa chenyewe. Siku ya kugundua haihesabiwi. Hitilafu ya kundi B iliyoandikwa Jumatatu saa nne asubuhi inaisha Alhamisi usiku wa manane. Ni siku za kalenda: Jumapili imo, Iddi imo, na siku ambazo ndege haikuruka zimo.

NFF, LRU na BITE?

LRU ni kifaa kinachobadilishwa kizima pale pale ndege ilipo. BITE ni uwezo wa kifaa kujipima chenyewe. NFF ni jibu la karakana: "tumepima, hatukuona kosa". Kifaa kikirudi na NFF mara mbili kwa malalamiko yaleyale, acha kubadilisha visanduku. Chanzo mara nyingi ni pini iliyorudi nyuma kwenye soketi, waya uliochubuka kwenye klampu, au unyevu. Kwa ndege zinazolala pwani, kutu ya kwenye viunganishi iwe dhana ya kwanza.

AOG inabadilisha kanuni za vipuri?

Haibadilishi kitu. AOG ni ndege iliyokwama chini kwa hitilafu. Inaharakisha usafirishaji na kupandisha bei, basi. Nyaraka za kipuri cha AOG ni zilezile (tazama swali la Form 1).

## Amri na taarifa

AD na SB: ipi ni lazima?

AD ni amri ya usalama wa ndege; hutolewa na mamlaka na ni lazima. SB ni taarifa ya kiufundi ya mtengenezaji. Hata ikiandikwa "mandatory", ulazima wake kisheria hutokana na AD inayoitaja, kanuni ya nchi ilikosajiliwa ndege, au programu ya matengenezo iliyoidhinishwa. Kupuuza SB bila kuandika uamuzi si busara; kila moja isomwe na sababu ya kuitekeleza au kuiacha iwekwe kwenye faili.

AD ya FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) husomeka mwaka, toleo la wiki mbili, kisha nambari ya mfululizo. Ya EASA (ya Ulaya) ni mwaka na nambari ya tarakimu nne. R1 mwishoni ni marekebisho ya kwanza, E ni ya dharura.

Caravan ni ya Marekani. Nikifuata AD za FAA nimemaliza?

Hujamaliza. Bodi imesanifiwa Marekani, lakini PT6 ni ya Pratt & Whitney Canada, hivyo AD za injini huanzia Transport Canada. ATR: bodi ni EASA, injini ni Kanada tena. Fuatilia bodi, injini, propela na vifaa kila kimoja kwa mamlaka yake, kisha ongeza maagizo ya nchi iliyoisajili: TCAA kwa ndege za Tanzania zenye usajili wa 5H, KCAA kwa za Kenya za 5Y, na mamlaka ya Uganda kwa 5X. Kanuni za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaoanishwa kupitia CASSOA, chombo chake cha usalama wa anga chenye makao Entebbe, lakini anayetoa agizo na adhabu ni mamlaka ya taifa.

STC na EO?

STC ni idhini ya kubadilisha usanifu, kwa mfano kufunga injini tofauti au redio mpya. Ikishafungwa, AMM ya kiwandani haitoshi tena kwa sehemu hiyo. Mwenye STC hutoa nyongeza yake, na ikipotea fundi anabaki gizani. EO ni agizo la ndani la ofisi ya uhandisi ya mwendeshaji, mara nyingi la kutekeleza AD au SB.

## Vipuri na vipimo

Form 1 na 8130-3 nizisome wapi kwanza?

Form 1 ni cheti cha EASA na 8130-3 ni cha FAA. Linganisha PN (nambari ya kipuri) na SN (hapa ni nambari ya mfululizo) na bamba la kipuri, kwa macho, si kwa kumbukumbu. Kisha kisanduku 11: "New", "Overhauled", "Repaired", "Inspected" na "Modified" haviko sawa. "Repaired" hairudishi TSO sifuri. Kisanduku 12 ndicho chenye habari yote: kitabu kilichotumika na toleo lake, AD zilizotekelezwa, saa na mizunguko. Saini ya 13 ni ya uzalishaji wa kipya, ya 14 ni ya matengenezo.

Rangi za kadi za stoo, njano kwa kizima na nyekundu kwa kibovu, ni desturi nzuri lakini si cheti.

Nambari ya bolti kama AN3-5A inasemaje?

AN ni kiwango. 3 ni kipenyo kwa sehemu za 16 za inchi, yaani 3/16. 5 ni urefu kwa sehemu za 8, takriban 5/8. A ni kwamba mguu hauna tundu la pini. Kuanzia 10 usomaji hubadilika: AN4-10 si 10/8, ni inchi 1 na sufuri ya nane, kwa hiyo hakuna -8 wala -9. Kistari cha kwanza kikibadilishwa na C (AN3C5A), ni chuma kisichoshika kutu. DD ni aluminiamu. Herufi H ni tundu kwenye kichwa.

Herufi moja inatosha kuangusha kazi. Tarehe 10 Juni 1990, kioo cha mbele cha BAC 1-11 ya British Airways, safari 5390, kilichomoka ndege ikipita futi 17,300 na rubani akavutwa nusu mwili nje. Alinusurika. Kioo kilikuwa kimetoka kufungwa kwa bolti 90. 84 zilikuwa A211-8C badala ya A211-8D, nyembamba kwa inchi 0.026, na 6 zilizobaki zilikuwa na unene sahihi lakini fupi. Zilichaguliwa kwa kulinganisha na bolti za zamani, si kwa IPC.

in-lb, ft-lb, Nm: nichunge nini?

12 in-lb ni 1 ft-lb. 1 ft-lb ni 1.356 Nm. Nati ya kawaida ya bolti ya robo inchi hukazwa 50–70 in-lb, kama Nm 6–8. Ukisoma ft-lb, utaikata bolti. Hilo angalau linaonekana. Hatari zaidi ni ft-lb iliyokazwa kama in-lb: kila kitu kinaonekana kizuri hadi mtetemo uanze. Kwa nati za kujifunga, pima kwanza torki ya kuizungusha kabla haijagusa, uiongeze kwenye kipimo, isipokuwa kitabu kiwe kimeshaijumlisha.

Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu lita zilizidishwa kwa 1.77, kigezo cha pauni, na jibu likachukuliwa kuwa kilo.

5606 na Skydrol zote ni mafuta ya haidroliki; naweza kujazia moja kwa nyingine?

Kamwe. MIL-PRF-5606 ni ya madini, nyekundu. Skydrol ni ya fosfeti, zambarau. Sili (vizuia uvujaji) za moja huvimba au kuoza zikikutana na nyingine. Ukikosea, kumwaga hakutoshi: mfumo husafishwa na sili hubadilishwa kama kitabu kinavyoelekeza.

## Saini na mambo yanayochanganya

GVI, DET na SDI. OPC na FNC?

GVI ni kutazama kwa jumla ukiwa karibu kiasi cha kugusa, kwa mwanga wa kawaida. DET ni kukagua kitu mahususi kwa makini, kwa tochi na kioo. SDI huhitaji mbinu maalum, mara nyingi NDT, yaani ukaguzi usioharibu kifaa. OPC ni kuangalia kama kifaa kinafanya kazi, bila vipimo. FNC ina namba: kama kadi inataka FNC nawe hukuandika kipimo ulichopata, kazi haijakamilika.

CRS inaandikwaje?

CRS ni tamko la fundi mwenye leseni kwamba kazi imefanyika kwa kufuata data iliyoidhinishwa. Ingizo zuri hueleza hitilafu, kazi, rejea na toleo lake, PN na SN za kilichotoka na kilichoingia, nambari ya cheti, tarehe, saini na leseni. Kwa mfano: *NLG wheel assy replaced IAW AMM 32-45-01 Rev 27, tyre pressure checked.* IAW ("kwa mujibu wa") bila rejea baada yake haina maana.

Herufi A na C zimenichanganya. Zina maana ngapi?

Nyingi. Leseni za mfumo wa zamani wa Kiingereza: A ni bodi, C ni injini, X ni umeme na ala, R ni redio. Part-66 ya EASA: A ni fundi wa kazi ndogo za line (ndege ikiwa maegeshoni kati ya safari), B1 ni makanika (B1.1 ndege za turbaini, B1.2 za pistoni), B2 ni avioniki, C ni anayeitoa ndege baada ya matengenezo mazito. Kisha kuna C check, MEL kundi C, flanji C na bolti yenye C. Mtu akisema "nina C", muulize C ya wapi.

TSO ni tangu ovahoo, na pia ni kiwango cha FAA cha vifaa, kama TSO-C126 ya vitoa ishara za dharura vya 406 MHz. Kwa fundi CB ni breka ya umeme, kwa rubani ni wingu la radi. IPC ya rubani ni mtihani wa kuruka kwa ala. Kifupisho usichokijua kitafute kwanza kwenye kurasa za mwanzo za kitabu ulichokikuta, kwa kuwa kila mtengenezaji huweka orodha yake hapo, na orodha hizo hazifanani.